Mwalimu Mabano Apokea Posa

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Mawingu mazito tangu alfajiri, joto la kubana, na mvua iligoma kunyesha.

Siku hiyo jirani yetu Mwalimu Mabano alikuwa akisubiri wageni wa posa ya binti yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Miaka yote amefundisha kufungua mabano ya hesabu kwa njia moja: huchora mabano mawili makubwa sakafuni kwa chaki, huwasimamisha watoto ndani yake, kisha kila aliye katika bano la kwanza lazima ampe mkono kila aliye katika la pili. Asiyeshikana mikono na wote, jibu lake limeharibika.

"Baba, leo usichore," binti alimsihi. "Yule mjomba wa mchumba wangu alishavunja posa moja kwa sababu kiti kilimuuma mgongo."

"Sichori," alisema Mwalimu, chaki iko mkononi.

Wageni walipoingia walikuta viti vimepangwa kama pinde mbili zinazotazamana, kila upinde na mstari wake mweupe. Baba wa kijana alimpa Mwalimu mkono, mama wa kijana akamkumbatia mke wa Mwalimu, wakaketi wameridhika.

"Simameni kwanza, wakwe," Mwalimu alisema kwa upole. "Hilo ndilo kosa la kidato cha kwanza. Kila mmoja kamsalimu mwenzake tu. Hao wengine mnamwachia nani?"

Wakasimama, wakasalimiana upya, mpaka wakabaki wawili: Mjomba, aliyekunja mikono, na Shangazi, dada wa Mwalimu, ambaye hata siku ya harusi yake mwenyewe alilalamikia maua.

Mke wa Mwalimu alimvuta mumewe shati. "Hao waache. Wakikutana, mwanao haolewi."

"Hasi kwa hasi ni nini, mama?"

"Mimi nilisomea ushonaji."

"Basi tazama."

Akawasukuma taratibu hadi wakashikana mikono.

"Viti vyenu vinauma," Mjomba alianza.

"Na hicho ndicho kizuri," alisema Shangazi. "Hujakalia cha jikoni."

Mjomba akamgeukia. "Na chai je?"

"Chai ya hapa ni maji yaliyosikia habari za majani."

Mjomba alicheka. Ndugu zake walitazamana. Hawakujua kuwa ana meno mengi vile. Akahamia bano la pili bila ruhusa, akaketi karibu na Shangazi, wakayaponda mapazia, wakawaponda vijana wa leo, wakafika kwenye ndoa yenyewe.

"Haitafika Desemba," alisema Mjomba.

"Una huruma wewe. Mimi nasema Oktoba."

Nyuma ya mlango wa chumba, binti alikuwa ameshaanza kulia. Baba wa kijana akajifuta jasho. "Shemeji, kwa hiyo tuondoke?"

"Twende wapi?" Mjomba alikasirika. "Huyu mama hata hajaanza kunieleza ubaya wa paa. Toeni posa, waoane upesi. Tukivunja, mimi na yeye tutaonana wapi?"

Mwalimu alisogea mlangoni. "Umesikia, mwanangu? Chanya."

"Nimesikia, Baba," binti alijibu, akipenga kamasi. "Usiwaguse tena."

Asubuhi iliyofuata Shangazi alidai apelekwe kwa wakwe akaukague ukuta wao, maana alisikia kwa Mjomba kuwa umepinda. Mwalimu alimbebea mkoba hadi kituoni, akamtafutia kiti cha dirishani, akasubiri basi liondoke.