Tulivyomsaidia Mama Riziki kununua kipicha cha Kiingereza mnadani, nusura tumlize

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Kisa hiki ni kweli tupu, chumvi nimetia ya kuonja tu.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Umbilo, Durban. Kanisani kwetu kuna mama Mkongo, Mama Riziki. Miaka sita alimtunza bibi mmoja wa kizungu pale Glenwood.

Mwishoni yule bibi alisahau kila mtu, hadi wanawe. Ila alikuwa na kipicha cha kuchorwa, kidogo kama kiganja, msichana wa Uingereza ya zamani kavaa gauni la bluu. Ndugu wa ukoo wake huko nyuma kabisa. Mama akimwonyesha, bibi anacheka, anafungua mdomo, anakula. Bila kipicha, hali kitu.

Bibi akafariki. Watoto wako overseas, wakaagiza vyote vikauzwe mnadani.

Mama Riziki hakutaka sofa wala vyombo. Alitaka kipicha tu. Alikuwa na six hundred rand yake aliyoipata kwa kusuka nywele, na bei waliyokadiria watu wa mnada ilikuwa hapo hapo.

Sasa mimi ndiye msomi wa kanisa. Nimemaliza Matric kwa shule ya jioni, Kiingereza changu hata robot, taa za barabarani, zikikisikia zinageuka green. Nikapewa karatasi ya masharti ya mnada niwasomee wenzangu. Nikaisoma yote.

Wakuu, niliisoma nusu. Nikawaambia mnada ni mnada tu, kama wa kanisani.

Wa kwetu mnaujua. Jogoo anainuliwa, huyu anatoa fifty, yule anaongeza twenty, zote zinajumlishwa, jogoo anapewa yule tunayempenda.

Jumamosi tukaenda watu tisa, tumependeza kuliko maharusi. Kila mmoja akajiandikisha, akapewa kibao cha namba.

Kipicha kikatolewa. Mzungu mmoja wa mbele akaanza three hundred. Mama akapanda four. Mzungu akatikisa kichwa, akaachia. Hapo kilikuwa cha Mama, bado nyundo tu.

Basi mimi, kwa upendo, nikainua kibao. Papa Déo fundi simu akainua. Shemeji yangu Mrundi akainua mara mbili na kigelegele juu. Mnadishaji anageuka kama feni. Mama akajikaza hadi six hundred yake, tukampita kwa shangwe.

Akashusha kibao. Akatugeukia, sauti ya chini kabisa:

"Batoto yangu, muko munanisaidia ao muko munaninyanganya?"

Sijawahi kuona macho yale. Kabla sijajibu, nyundo ikagonga: one thousand four hundred, namba yangu. Nikamuuliza dada wa kiti cha jirani. Kumbe huku hazijumlishwi, kila anayeinua anashindana.

Nilitamani sakafu inimeze na tai yangu.

Tukatoka kwenye korido, tukachanga palepale, kila mtu na alichonacho, hadi bei yote ikatimia. Mama akafungua pochi yake, tukaifunga. Nikalipa, nikamwekea kipicha mikononi. Akakifuta kioo kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anamfuta mtu uso. Halafu akatuangalia wote.

"Siku ingine mukinipenda, mukae chini, mutulie."

Ndipo akacheka, na sisi tukapumua.

Funzo wakuu: ukimpenda mtu mnadani, kalia mikono yako. Na wewe msomi mwenzangu, geuza karatasi, nyuma kuna maandishi.

Haya, nani mwingine upendo wake ulishawahi kumtia mtu hasara? Mwageni hapa, nicheke na mimi.