Sahani ya Kabange

Mwenye ukurasa, naomba ufiche jina langu. Nina umri wa miaka sabini na moja, ni mgane, na ninaishi Makomeno, hapa Lubumbashi. Nilifundisha sarufi ya Kiswahili mpaka nilipostaafu, na tangu ujanani ninatunga nyimbo. Katika kisa hiki mniite Kyungu. Kwetu ni jina la pacha wa kwanza, na wa pili huitwa Kabange. Tuko wengi mno mjini, halitanitambulisha.

Ndugu yangu Kabange alifariki siku ileile tuliyozaliwa. Desturi yetu inadai kwamba ukimpa pacha mmoja kitu, umpe na mwenzake. Kwa hiyo kila siku yangu ya kuzaliwa mama aliandaa sahani mbili. Ya pili ilikaa mezani na bukari yake, yaani ugali, mpaka ikapoa, kisha mama akaimwaga. Nilikua nikiitazama.

Nilipokuwa kijana, bendi yetu ilimpokea mpiga gitaa mpya. Alifika kwetu kwa mazoezi siku hiyo ya sahani mbili, akauliza kuna sikukuu gani. Nikamwambia. Akaruka. "Yo! Hata mi njo leo nilizaliwa!"

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Akamketisha mbele ya ile sahani na kumwita Kabange. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina jingine.

Yeye hutunga muziki, mimi hutunga maneno. Wimbo wetu unaojulikana zaidi huanza hivi: "Tulizaliwa pamoja." Watu wakatuita Bapasa, yaani mapacha. Kadiri miaka ilivyopita, wanamuziki wengine waliozaliwa tarehe yetu walijiunga nasi: mpiga ngoma, mtunzi wa kwaya, binti mmoja mwenye sauti kali. Kila mwaka tunakutana uani kwangu, na sherehe haifunguliwi kabla ya wimbo ule. Mama alikufa akiwa ameshika mkono wangu na mkono wa Kabange.

Mwaka huu dada yake Kabange, aliyeolewa Kalemie zamani, aliamua kuja kwenye sherehe kwa mara ya kwanza. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Luano. Kabange aliendesha gari, na mvua ilikuwa kubwa. Dada yule akatazama dirishani, akacheka.

"Mvua yote hii! Kumbe bado munafanya ile anniversaire ya kuzaliwa mu mvua? Petit, mdogo wangu, si wewe ulizaliwa mu saison sèche, ile kiangazi ya baridi? Mi njo nilikubeba mu mugongo, tulikuwa tunaota moto asubui na mangaribi."

Nilidhani anatania. Nikamtazama Kabange. Macho yake yalibaki barabarani.

"Yaya, nyamaza," alimwambia dada yake.

Tulipofika nyumbani nilimwita Kabange uani, tukiwa wawili tu. Nikamwuliza kama ni kweli. Akajibu kwamba ni kweli. Nikamwuliza kwa nini alisema uongo.

"Nilikuwa na njaa, Kyungu. Kuku ilikuwa inanukia, na ile sahani ilikuwa haina mwenyewe."

"Ilikuwa na mwenyewe," nilimjibu.

Akasema, "Nilizani nitakula mara moja tu, nikwende. Halafu mama yako akanipigia vigelegele. Ningemwambia je?"

Nilimwambia kwamba amekula chakula cha marehemu na kumdanganya mama yangu mpaka kaburini, na kwamba sitaimba naye tena. Aliondoka akaliacha gitaa lake ukutani.

Kesho yake dada yake alikuja peke yake. Alikataa kiti.

"Kyungu, nilizani mama yako alikuambia. Zamani, mbele mi niolewe, aliniuliza yeye mwenyewe ile petit alizaliwa siku gani. Nilimwambia kweli yote. Unajua alinijibu nini? 'Usiseme kwa mutu. Nimechoka kumwanga ile bukari.'"

Ndugu wasomaji, neno hilo limenivunja. Mama alijua, akanificha mimi, mtu nisiyevumilia hata kosa la herufi moja. Namwelewa, kwa maana niliona alivyokuwa akiimwaga. Lakini Kabange wa kwanza, pacha wangu, hana picha wala mtu mwingine wa kumkumbuka. Hata siku yake alipewa mtu mwingine, na maneno ya wimbo ule niliyaandika mimi.

Nilimpelekea Kabange gitaa lake nikamweleza aliyoyasema mama. Alilia kama mtoto. Kisha akajifuta.

"Basi umebakia wewe peke yako. Mama alinikubali vile niko. Wewe njo mwalimu. Unikorije, unisahihishe."

Akapiga gitaa, akaimba mstari wetu wa kwanza, lakini akabadilisha neno: "Tulilelewa pamoja." Nililipima mara moja, kwa mazoea ya kazi. Linakaa kwenye muziki barabara, hakuna silabi inayozidi wala kupungua.

"Hii njo kweli," alisema. "Uchague. Mi nitakufuata."

Sherehe ni Jumamosi hii. Yule binti wa sauti kali alipita jana akicheka: "Papa Kyungu, mbona hamufanye répétition, mazoezi ya wimbo? Bapasa bamegombana mu tumbo?"

Nikiimba neno la zamani, nitasema uongo kwa kinywa changu mbele ya watu wanaokusanyika kwa ajili ya siku ile, na nitamzika ndugu yangu mara ya pili. Nikiimba neno jipya, watu wote uani wanaujua wimbo kwa moyo. Watashtuka, watauliza, na mzee mwenzangu ataaibika mbele ya vijana wanaomheshimu.

Leo asubuhi nilifungua kabati kutoa sahani mbili za mama. Nikajikuta nimeweka tatu mezani.

Naomba mniandikie kwa maneno kamili, bila vifupisho. Nishaurini, ndugu zangu: Jumamosi nitakapofungua kinywa, niimbe neno gani?