Ninga Wavuni

Siku chache kabla masika hayajashika, tulitoka watu tisa kwenda kutazama ndege. Tulikutana Msambweni baada ya sala ya Alfajiri, tukafuata njia ya msituni inayoteremka hadi kwenye mikoko, upande unaoelekea Funzi. Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika hoteli za Diani, akiwaonyesha wageni ndege. Ndege akilia mara moja tu, yeye ashamtaja. Mimi nilikuwa mgeni kikundini, na darubini nilikuwa nimeazima.

Tulikuwa tumeshamwona mdiria na kundi la keremkerem wakipita juu, pale mama alipoinua mkono.

"Nyamazeni. Wale ni ninga, lakini ninga hawalii hivyo."

Tukaifuata sauti. Wavu ulikuwa umefungwa kati ya miti miwili, na ninga, njiwa wale wa kijani, wamening'inia humo, wengine kichwa chini, mabawa yamejipinda kama nguo iliyokamuliwa. Mmoja ashakufa, na chungu wamemwingia machoni.

"Wueh! Nani amefanya hii kitu?" akasema msichana mmoja wa bara anayefanya kazi Ukunda, huku akilia.

Mama akatuonyesha namna ya kuwashika, mabawa ndani ya kiganja, miguu ikinasuliwa kwanza. Nikamchukua mmoja. Moyo wake ulinipiga vidoleni. Nilikuwa ninamtoa uzi shingoni nilipoona kwenye wavu matundu matatu yaliyoshonwa kwa uzi wa kijani, mafundo mawili mawili, kama nilivyofunzwa na mama yangu. Nilikuwa nimeyashona mimi, Ramadhani iliyopita, nimekaa kibarazani kwa kaka yangu. Aliniambia ni wavu wa samaki.

Nikaacha kumnasua, nikabaki nayatazama yale mafundo.

"Vipi, amekufa?" akauliza yule mama.

"Yu hai," nikajibu.

Tulikuwa tunawamalizia wa mwisho tuliposikia mtu anakuja akipiga mbinja. Akatokea na kikapu mkononi, akatuona, akasimama. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akaitikia, na watu wote wakanigeukia mimi.

"Ni ndugu yako?" akauliza yule mama.

"Tumbo moja."

Kaka hakuonyesha kuona haya. Alionekana kushangaa tu. "Dada, na wewe unahangaika kwa ajili ya ndege? Baharini siku hizi hakuna kitu. Na sisi tulikuzwa kwa kitoweo gani? Baba alikuwa akileta pugi na ninga, tukila."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisahau kabisa ladha ile, na pale pale ikanirudia mdomoni.

Yule mama akamwomba kisu chake cha kiunoni, kwa adabu. Kaka akampa, akatazama wavu ukikatwa vipande, halafu akamwokota yule ninga aliyekufa, akamtia kikapuni na kuondoka bila kuniaga. Tangu siku ile tunaamkiana vizuri, tunakula pamoja sikukuu, lakini wavu hatujautaja.

Hakuna aliyetaka kuendelea na matembezi. Njiani yule msichana akaja kando yangu.

"Kwani mlikuwa mnawapika aje?"

"Kwa tui la nazi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwanyonyoa."

Nikakaa chini pale pale njiani, na ilikuwa bado hata saa mbili haijafika.