Licence ya Kompyuta Nane

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona pesa ya asubuhi ikishindwa kununua mkate saa kumi, nimeona wakubwa wa kazi wakiuza viti vya ofisi zao kando ya barabara, na katika yote hayo nilibaki nimesimama. Niliacha shule darasa la tano primaire, nikaanza kupika sabuni ndani ya pipa moja huko Panda, mtaa wa mji wetu wa Likasi. Wenye diplome walipokuwa wanakaa miezi bila mshahara, sabuni yangu yenye chapa ya simba ilikuwa inafulia Likasi nzima. Nasema nzima, mke wangu anasema nusu.

Basi shule ya masista, alikosoma binti yangu section ya ukatibu, ilikuwa haina mashine. Nikasimama katika mkutano wa wazazi nikasema mtu asichange hata kidogo, kompyuta nitaleta mimi. Nikanunua nane Lubumbashi, kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anafunga ofisi yake, pamoja na boksi moja la disketi za programu ya kuandikia barua. Fundi akaiweka programu ile ile katika mashine zote nane. Nikapigiwa makofi. Nilivaa suti siku mbili mfululizo.

Siku ya tatu ma sœur, mkuu wa shule, akaniita. Mkononi ameshika karatasi iliyotoka ndani ya lile boksi.

"Papa, hii programme iko na licence?"

Sasa kwetu, licence ni diplome ya université. Ingine hatuijui. Nikaona anataka kuhakikisha kama kazi ile imefanywa na mtu aliyesoma, na mimi jambo la kusoma linaniuma. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba kesho licence ataiona kwa macho yake.

Kesho yake nikampeleka mpwa wangu, mwalimu, amefunga tai. Diplome yake ya licence ilikuwa ndani ya fremu. Pikipiki yangu nikaiacha nyumbani, tukaenda kwa miguu toka Panda, fremu nimeishika mwenyewe, kioo mbele, ili watu wasome. Ma sœur akaitazama sana. Akampongeza mpwa wangu, halafu akampa ile karatasi. Mpwa akaisoma, nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Mujomba," akasema, "hii licence ni ruhusa. Boksi moja, mashine moja. Ile saba ingine ni ya wizi."

Nikapinga. Mashine nimelipa, disketi nimelipa, ruhusa ya nini tena? Na boksi moja jipya linauzwa kwa shule yetu, ambayo umeme wa bwawa la Mwadingusha unaitembelea unapotaka, kwa bei ile ile inayolipwa na benki ya Ulaya. Hiyo ni haki? Ma sœur akakubali kwamba si haki. Hilo likanitia nguvu, nikapandisha sauti. Ndipo akauliza polepole:

"Yule muntu wa Kikula mwenye ulipeleka kwa police, aliiba sabuni yako?"

Yule mpika sabuni wa Kikula hakuiba sabuni. Alipika yake, kwa mafuta yake, akaigonga chapa ya simba wangu. Nikaomba kiti, jambo ambalo mpwa wangu analisimulia mpaka leo.

Ma sœur akafunga chumba cha kompyuta, hata ile moja ya halali isigombaniwe, ufunguo akautia mfukoni, akawaandikia watengenezaji wa programu huko Ulaya kuomba bei ya shule. Majuma yakapita. Binti yangu alikuwa anamaliza mwaka ule. Siku moja nikamkuta nyumbani amechora herufi za kompyuta juu ya kartoni ya sabuni, anazigonga kwa vidole kumi, macho ukutani. Nikasema ma sœur ni mgumu mno. Hakuacha kugonga.

"Papa, miye niko tayari. Mashine njo haiko tayari."



Barua ikarudi: kwa shule watatoza theluthi ya bei. Nilifurahi, mpaka ma sœur aliposema ataita wazazi wachange. Wazazi gani? Wale walionipigia makofi? Nikamwomba asiwasumbue, nikauza pikipiki yangu. Ruhusa saba, kila moja dola thelathini na tano, na dola kumi na nane za kupeleka pesa Ulaya. Jumatatu chumba kikafunguliwa, binti yangu akakaa kwenye mashine ya kwanza, nami nikashika njia ya Panda kwa miguu, nikiwa nimelipa dola mia mbili sitini na tatu.