Kinyozi Juu ya Paa la Bibi

Juma lililopita nilimpeleka mpwa wangu kunyolewa, hapa Kisauni ninakoishi sasa. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akaipuliza mashine, akaiwasha. Ikaanza kunguruma kwa ile sauti nyembamba ya kukereketa, inayopanda ikikaribia sikio na kushuka ikielekea kisogoni. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi nikajikuta nimeinua uso, natafuta kitu darini. Mtoto akaniona kwenye kioo.

"Ma mdogo, watazama nini huko juu?"

Nikamwambia natazama utando wa buibui. Ningeanzia wapi kumweleza? Lakini nyinyi mna nafasi, na mimi nina hamu ya kusema.

Nilikulia Magongo, upande wa Changamwe, katika nyumba ya Bibi, mama yake baba. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka tulinusa mafuta yake, harufu kama ya taa ya chemli iliyozimwa sasa hivi. Ndege kubwa za watalii zilishuka juu ya bati letu zikiwa zimekwisha kutoa magurudumu. Kabla hujazisikia, ulikiona kijiko kikianza kutetemeka ndani ya kikombe. Halafu bati likalia, halafu kifua chako chenyewe, halafu dunia yote ikawa sauti moja.

Kwa hiyo watu wa mtaa wetu walikuwa na desturi yao. Ndege kubwa ikija, mtu alikata maneno pale pale yalipofika, akainua kiganja kidogo, akangoja. Ikishapita, aliendelea kutoka silabi ile ile, bila kurudia. Bibi aliweza kuacha neno "kitunguu" kwenye "kitu", akakoroga mchuzi wake, kisha akamalizia "nguu" kana kwamba hapakupita kitu. Wageni walidhani tumepigwa na butwaa. Sisi tulidhani watu wote duniani huzungumza hivyo.

Ndege ndogo zilikuwa jambo jingine. Zilikuwapo za kwenda Lamu, za kwenda mbugani, na ilikuwapo moja nyeupe yenye mstari wa buluu ambayo wanafunzi wa urubani walijifunzia. Hiyo ilikuwa yetu hasa. Ilipaa, ikazunguka juu ya nyumba, ikashuka, ikagusa lami kwa gurudumu, ikapaa tena, hivyo hivyo mpaka alasiri ikachoka. Watoto tuliiita Kinyozi, kwa sauti yake. Bibi alikuwa akiinua macho na kusema, "Mola amfikishe, mtoto wa watu yuasoma." Lakini hakuna aliyenyamaza kwa ajili ya Kinyozi. Kwake ulipandisha sauti kidogo tu, ukaendelea na yako.

Na mtu mmoja hakunyamazia ndege yoyote, kubwa wala ndogo. Huyo alikuwa shangazi yangu Zuhura, binti wa mwisho wa Bibi. Alikuwa na cherehani barazani, anashona madera na sare za shule, na kinywa chake kilikwenda kasi kuliko mguu wake. Ndege ikishuka yeye alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jirani yetu Mama Saumu akimwambia, "We Zuhura, ngoja ipite basi!" alijibu kwa ukelele, "Ingoje yenyewe! Mimi nilianza!" Nilimpenda kwa hilo. Niliamini kweli kwamba siku moja ndege itamngoja.

Posa ilikuja mwaka ule nilipokuwa darasa la nne. Aliyeposa ni Bwana Faraji wa Kisauni, muuza vipuri vya magari aliyefiwa na mke. Sitamsema vibaya, maana hakuwa na baya. Alikuja na adabu zake, ndevu zimechanwa, kanzu inanukia udi, na kila shikamoo ya mtoto aliipa haki yake kwa "marahaba, mwanangu" ya kutoka moyoni. Baba Mkubwa Athumani, kaka yake shangazi, ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumwoza, tangu Babu afariki. Alikuwa amemlea Zuhura kama mwanawe, na alifurahi. Watu wote walifurahi. Shangazi hakuwa na sababu ya kukataa, na kwetu siku zile msichana asiye na sababu alikuwa hana neno.

Kitu kimoja tu nilikiona, nami nilikiona kwa masikio. Tangu siku ile ya posa, shangazi aliacha kushindana na ndege. Si kwamba alisimamisha maneno yake kama sisi. Hayakuwapo ya kusimamisha. Cherehani ilikwenda, uzi ulikwisha, akatia mwingine. Mama Saumu alimtazama siku moja, akamwambia Bibi pembeni, "Mwari ameshika haya." Bibi akajibu, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya ndoa ilikuwa Ijumaa. Wanaume walikuwa msikitini na Bwana Faraji. Uani masufuria ya pilau yalikuwa yamepaliwa makaa juu na chini, na harufu ya bizari ilishinda hata mafuta ya ndege. Chumbani tulijaa wanawake. Shangazi alikaa kitandani, mikono imechorwa hina, leso ya kijani imemfunika kichwa mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa chini, nimeegemea goti la Bibi, na asumini za kitandani zikinidondokea.

Akaingia Baba Mkubwa, pamoja na Mwalimu Bakari wa madrasa yetu na shahidi mwingine. Ni desturi: kabla ya kumwoza, walii humwendea mwari kumtaka idhini. Mwari akisema ndiyo, ni ndiyo. Mwari akinyamaza kwa haya, kimya chake huhesabiwa ni ridhaa. Asiyetaka ndiye anayepaswa kusema.

Baba Mkubwa akakohoa. "Zuhura binti Salimu, umeridhia nikuoze kwa Faraji bin Hamadi, kwa mahari mliyoafikiana?"

Kimya. Chini ya leso sikuona hata pumzi.

Akauliza mara ya pili. Kimya. Wanawake wakaanza kulowesha midomo, tayari kwa vigelegele. Akauliza mara ya tatu, na alipokuwa anamalizia Kinyozi akapita. Nilimtambua tangu mbali, ngrrrr yake ya kukwangua, akikata kona juu ya bati letu. Alipita, akaenda zake.

"Alhamdulillahi," akasema Baba Mkubwa, na uso wake ukang'aa. "Kimya cha mwari ni—"

"Ngoja, Athumani," akasema Bibi. "Hakusikia. Ndege ilipita."

Chumba kizima kikamgeukia. Baba Mkubwa akatazama dari, akamtazama mama yake.

"Mama, ndege gani? Hii inzi?"

"Ndege ni ndege."

"Zuhura huyu? Tangu lini Zuhura akazuiwa na ndege?"

"Mimi mamake nakwambia hakusikia. Wataka kuoza mtu hujui amesikia au hakusikia?"

Mimi nilitaka kusaidia. Nilikuwa bingwa wa milio ile, na nilijua hakika kwamba Kinyozi hajawahi kumziba mtu masikio. Nikafungua kinywa, na kiganja cha Bibi kikatua juu ya kichwa changu, kizito na chenye joto, kikabaki hapo. Nikakifunga.

Mwalimu Bakari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama Bibi kwa muda, kisha akashusha macho kwenye mkeka. "Likiingia shaka, Athumani, swali hurudiwa. Hakuna aibu."

"Basi nauliza—"

"La," akasema Bibi. "Yuazunguka yule. Yuarudi sasa hivi. Ngojeni mpaka atue."

Basi tukangoja. Sijawahi kuona tena kungoja kama kule. Walii na mashahidi wake wamesimama na kofia zao, wanawake vigelegele vimewakaa kooni, pilau uani, bwana harusi msikitini, wote tunamngoja mwanafunzi asiyejua habari zetu amalize mduara wake. Simu ya Baba Mkubwa ikalia mfukoni, watu wa msikitini wanauliza kulikoni. Akaizima. Kinyozi akaja, akapita, akafifia kuelekea uwanjani. Akagusa chini. Wala hakupaa tena. Pakawa kimya cha kweli, kile kinachokufanya usikie makaa yakipasuka.

Na katika kimya kile nikaona mkono wenye hina ukitoka, ukishika pindo la leso, ukiliinua. Uso wa shangazi ulikuwa umelowa jasho. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama Bibi.

Baba Mkubwa akauliza mara ya nne. Safari hii hakutaja jina la baba wala mahari. Sauti yake ilikuwa ile aliyomlelea.

"Zuhura. Umeridhia?"

"La, kaka," akasema shangazi. "Sikuridhia. Nisamehe."

Nilitazamia dunia ianguke. Alilia mtu mmoja, shangazi mwingine wa mbali, na Mama Saumu akasema "Yarabi" mara nyingi. Baba Mkubwa alisimama pale kama mtu aliyevuliwa viatu hadharani. Kisha akavaa kofia yake vizuri, akatoka, akaenda msikitini mwenyewe kwa miguu kuyasema yale maneno. Mpaka leo nadhani ile ndiyo safari ya kishujaa zaidi kuonekana Magongo. Tuliambiwa Bwana Faraji alisema, "Afadhali leo kuliko mwakani," akamshika mkono Baba Mkubwa, akaondoka na watu wake. Pilau ikagawiwa mtaa mzima. "Pilau haina kosa," alisema Mama Saumu, akijipakulia ukoko.

Jioni nilimfuata Bibi jikoni. Neno lilikuwa limenikaa kifuani tangu mchana.

"Bibi."

"Abee."

"Ile ilikuwa Kinyozi. Na sisi hatunyamazi kwa Kinyozi. Shangazi alisikia."

Bibi akanisukumia sahani. "Najua, mjukuu wangu. Kula."

Kwa miaka mingi nilidhani Bibi alisema uongo siku ile, na kwa kuwa ndiye aliyetufundisha kutosema uongo, jambo hilo lilinisumbua. Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza shangazi mwenyewe. Alikuwa ameolewa kwa wakati wake na mtu aliyemtaka, na inasemekana safari ile alijibu kabla swali halijaisha. Akaniambia alisikia mara zote tatu, wazi, kama alivyokuwa akinisikia mimi wakati ule. Alikuwa ameshakata shauri kunyamaza. Kusema la mbele ya kaka aliyemlisha kulimshinda kinywa. "Sikuhitaji kufikiri," alisema. "Nilihitaji mtu mmoja asikikubali kimya changu."

Nikadhani nimemaliza kuelewa. Bado.

Bibi alipokaribia kuondoka duniani nilikuwa nikilala chumbani kwake, na usingizi ukimkataa nilimwomba hadithi za zamani. Nilimwuliza mara kadhaa kuhusu siku yake ya ndoa. Alimpenda Babu, hilo najua. Alimzika kwa machozi ambayo hayaigizwi. Lakini jibu lake lilikuwa moja kila mara, fupi, anasema huku akinyoosha mkunjo wa shuka: "Nilinyamaza, wakafurahi." Nilicheka nikidhani ananieleza haya ya mabibi harusi wa kale.

Siku hizi nalisikia jibu lile tofauti. Namwona Bibi akiwa msichana wa Timbwani, ng'ambo ya kivuko, leso mpaka kidevuni, na wanaume wamesimama mbele yake. Siku hizo angani huko walipita kunguru tu. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na hakuna mtu aliyepata la kusingizia ili aulizwe tena.