Mama Bisibisi na feni ya mwenye nyumba

Saa moja na robo asubuhi. Mama Bisibisi ameikalia ndoo iliyopinduliwa, feni ya plastiki mapajani, kisu chembamba mkononi. Anatafuta pa kuanzia kukata. Hakuna skrubu hata moja. Kava limegandishwa kwa gundi pande zote.

"Tazama ujanja huo," anasema bila kuinua macho. "Wameifunga kama jeneza. Hawataki ifunguliwe milele."

Gundi inaachia. Katikati ya nyaya za mota anachomoa fyuzi ndogo, haizidi punje ya mchele. Imeungua. Ndiyo hiyo tu! Feni ina miezi kumi na minne, na mwenye feni alikuwa keshaitupa jalalani, shemeji yake akaiokota na kuileta hapa.

Ni mwaka wa ishirini na sita sasa fundi huyu, mama wa mabinti wawili, anatengeneza feni, pasi na blenda katika chumba hiki chenye mlango mmoja na dirisha lisilofunga vizuri. Kazi aliirithi kwa baba yake. Siku nzuri hupata wateja watano. Siku mbaya hurudi nyumbani na nauli tu. Mwaka jana alipokea feni sitini na tatu, na arobaini na moja kati ya hizo hazikuwa zimefikisha miaka miwili.

"Halafu naambiwa mimi ndiye niliyepitwa na wakati. Mimi? Thubutu!"

Sasa chumba chenyewe kiko hatarini. Duka la vyombo vipya vya umeme, ambalo anapakana nalo ukuta kwa ukuta, linakitaka kiwe stoo na limeahidi kodi mara mbili. Mwenye nyumba amempa fundi notisi ya kutoka ifikapo mwisho wa mwezi. Zimebaki siku kumi na moja. Wateja wake wote ni wa mtaa huu. Akihamia kwingine ataanza upya, na umri ni miaka hamsini na mitatu.

Mara anaingia mzee mmoja amekumbatia feni ya mezani, ya chuma, nzito. Ni mwenye nyumba mwenyewe. Looh!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bisibisi mwanangu, hii feni ya marehemu mama watoto inanguruma. Hebu niangalizie kabla hujaondoka."

Kabla hujaondoka! Mwingine angemrushia nyundo. Fundi anacheka kicheko kikavu na kuiweka feni mezani. Skrubu nne, na kava la mota limetoka hata dakika haijaisha.

Upande wa ndani wa kava kuna safu ya tarehe zilizoandikwa kwa rangi nyeupe. Kila feni inapopakwa mafuta, fundi huandika siku yenyewe. Za juu ni mwandiko wa baba yake, zilizofuata ni wake. Ya kwanza kabisa ina miaka thelathini na minane.

"Inakula umeme kuliko mpya, sikatai," anasema huku akidondosha mafuta. "Lakini inafunguka, mzee. Hizo za jirani zikizima, zimezima."

Anaijaribu. Inazunguka kimya. Mzee anaitazama, anakuna kidevu.

"Na mwakani nani atanipakia mafuta?"

"Muulize mpangaji wako mpya. Atakuuzia mpya, na mwaka unaofuata atakuuzia nyingine. Raha iliyoje!"

Mzee anaguna. Anasema ana matibabu ya kulipia, na kodi ni kodi. Fundi anamjibu kwamba hilo analielewa na nyongeza ataitafuta, ila mara mbili hawezi. Tayari kina mama tisa wamejiandikisha kufundishwa kila Jumamosi namna ya kufungua na kutengeneza pasi zao wenyewe, na ada yao itaenda kwenye kodi.

"Nimelea watoto kwa chumba hiki. Wakitaka stoo, wajenge. Mimi sibanduki ng'o!"

Fundi anaizima feni, anachukua brashi na kuandika tarehe ya leo chini ya ile ya mwaka jana. Haishii hapo. Chini yake anaandika nyingine, ya mwakani, kisha analigeuza kava mzee aisome.

"Siku hiyo uje mapema," anamwambia, akirudishia skrubu moja moja. "Utanikuta hapahapa."