Mama Uzi na miaka thelathini na moja iliyoshonwa ndani ya mipira

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, taa ya stoo ya michezo imeshawaka. Mwanamke wa miaka hamsini na minane amekaa kwenye kiti kifupi, mpira ameubana katikati ya magoti, sindano mbili zinapishana mikononi mwake. Hatazami anachoshona. Anatazama mlango, maana wasichana wa timu hawana desturi ya kupiga hodi.

Chuo kizima kinamwita Mama Uzi. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya mishahara tu, na hata huko, anasema, walilikosea.

Anatunza vifaa vya timu ya wanawake ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo vinne kabla wapinzani hawajakutoa. Mpira mmoja una mishono themanini na minane. Gongo likishaufumua, yeye huuvua ngozi, huukaza, kisha huurudishia mshono mmoja mmoja. Macho yakikubali, humaliza minne kwa siku. Mshahara wake wa mwezi ungenunua mipira mipya ishirini na miwili.

"Ndiyo maana wananihitaji," anasema, na hacheki.

Aliajiriwa kama mfagiaji mwaka uleule timu ilipoanza. Wasichana walikuwa kumi na wawili, magongo mawili, mipira sita. Mwezi haukuisha mipira ikawa imepasuka yote. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mtoto wa fundi hakosi sindano. Akaishona kwa uzi mweusi wa viatu, kwa kuwa mwekundu haukuwepo.

Mkuu wa stoo wa siku hizo alifurahi, akamhamishia kwake, akamwamuru aweke kumbukumbu ya kila mpira anaoushona. Daftari hakumpa. Mama Uzi aliliomba mara tatu. Mara ya nne akachukua kalamu, akaandika upande wa ndani wa ngozi: tarehe, wapinzani, matokeo. Kisha akaufunga mpira.

"Mimi nilitii amri," anasema. "Hakuniambia niandike wapi."

Mkuu yule alistaafu, mazoea yakabaki. Kila msimu ulipokwisha, Mama Uzi alitoa mpira mmoja aliouandika, akautia kwenye gunia chini ya benchi. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mwaka jana ofisi ya chuo ilitangaza kwamba uwanja wa softiboli utageuzwa maegesho ya magari. Kanuni inasema uwanja wa timu iliyotimiza miaka ishirini na mitano hauguswi. Ila mafaili yaliipa timu miaka kumi na miwili tu. Yale ya kabla ya hapo yaliloa paa lilipovuja, yakatupwa.

Kocha, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hiyo, alikwenda stoo kulia. Mama Uzi alimwacha amalize, ndipo akamvutia gunia. Kocha anakiri kwamba alidhani mama wa watu amechanganyikiwa, mpaka alipofumuliwa mpira mmoja akakuta matokeo ya mechi aliyocheza mwenyewe. Kamati ya chuo ikakubali kuwasikiliza baada ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo wasichana walipoharibu. Wiki mbili kabla ya kikao, Mama Uzi alikwenda kupimwa macho. Mipira ya mazoezi ilikuwa imeisha. Mdakaji wa timu, msichana wa mwaka wa pili mwenye mikono mipana na haraka nyingi, aliona gunia la mipira mikuukuu chini ya benchi, akalibeba hadi uwanjani. Aliporudi, Mama Uzi aliikuta historia ya timu ikiruka angani, na wenye timu wakishangilia.

Hakumfokea mtu. Aliketi kwenye nyasi. "Niliogopa," anasema. "Bila uwanja ule, mimi ni nani hapa?"

Ilipatikana mipira thelathini. Uliopotea ni ule wa uzi mweusi, wa mwaka wa kwanza. Mdakaji aliutafuta siku nne, akaukuta kwenye mfereji nyuma ya chumba cha dobi, umelowa chapachapa. Mama Uzi aliukausha kivulini siku tisa, kwa sababu jua hukunja ngozi, na hakuthubutu kuufungua. Huenda wino ulikuwepo, huenda haukuwepo. Aliamua wote wajue kwa pamoja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kutaka ushahidi hata wa salamu. Kikaoni alimuuliza Mama Uzi atajuaje kwamba maandishi hayakutiwa juzi.  Mama Uzi alitoa wembe, akakata uzi mweusi mishono yote themanini na minane, akaifunua ngozi juu ya meza.

Wino ulikuwa umefifia ila unasomeka. Tarehe ya miaka thelathini na moja iliyopita. Wapinzani, chuo cha ualimu. Matokeo: kumi na tisa kwa sifuri, tumefungwa.

Mwenyekiti aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mtu akighushi, hujipa ushindi," alisema. "Hii ni kweli."

Barua ilifika baada ya siku sita. Uwanja unabaki.

Mama Uzi amebakiza miezi ishirini na miwili kustaafu. Kila Ijumaa anafumua mpira mmoja mbele ya timu, kocha ananakili kwenye daftari, na mdakaji ndiye anayeurudishia mshono. Mshono wake bado unakwenda upogo. Mama Uzi huufumua na kumrudishia hadi unyooke. Huyo ndiye Mama Uzi anayetaka kumwachia sindano.

Kuna jambo moja tu ambalo yeye na kocha hawajaelewana. Kocha na chuo wanautaka mpira wa uzi mweusi kwenye kabati la kioo. Mama Uzi ameushona upya, na msimu ujao timu inacheza na chuo cha ualimu.

"Kabatini utafanya nini?" anauliza. "Mimi nataka urushwe siku hiyo. Tunawadai kumi na tisa wale."